Ombi la Kumrudisha Bwana Jumla kwa Matengenezo

Karakana ya Ushonaji,
Mtaa wa nyuma ya soko.

Kwa Ndugu Fundi Saa, mkwe mwenzangu mheshimiwa,

KUHUSU: KUKURUDISHIA KIJANA WAKO, MUME WA BINTI YANGU, AKAFANYIWE MATENGENEZO

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, saa zako zote zikienda sawa, na mgongo wako umeacha visa vyake. Huku sisi hatujambo. Cherehani ni nzima, wasichana wa karakana ni wazima, binti yangu ananawiri, na kijana wako naye ni mzima kupita kiasi, jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba siku ya harusi ulisimama mbele ya watu, ukanishika mkono, ukasema, "Mama, huyu kijana nimemlea mwenyewe. Ukimwona ana kasoro yoyote, mrudishe kwangu nitamrekebisha." Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasikiliza. Wewe ni fundi na mimi ni fundi, na fundi akishatoa dhamana mbele ya mashahidi hawezi kuikana. Kwa hiyo nakuandikia kwa utaratibu, malalamiko yakiwa na namba, ili usije ukasema uliyasoma harakaharaka.

1. Karakana yangu unaijua: chumba kimoja kirefu, cherehani zikitazama dirisha, meza ya kukatia katikati, na kwenye kona ya ndani kioo na pazia la kujaribia nguo. Tangu nianze kazi, vipimo vya watu vimeishi mahali pawili, kichwani mwangu na kwenye kadi zilizokaa katika bati la biskuti. Kijana wako, ambaye kazi yake ya ofisini anaifanya popote palipo na soketi, aliamua kwamba soketi nzuri kuliko zote duniani ni ile ya pasi yangu. Akaweka kompyuta mwishoni mwa meza ya kupigia pasi. Haukupita muda, akaanza kuchungulia bati.

"Mama," akaniambia, "nitakutengenezea kanzidata. Majedwali yenye uhusiano."

Nikamwuliza uhusiano wa namna gani, wa damu au wa ndoa? Akafikiri kidogo, akasema, "Wa funguo, Mama. Jedwali la oda linashika ufunguo wa jedwali la wateja, ndivyo yanavyojuana." Sikuelewa vizuri, lakini nilipendezwa kusikia kwamba hata majedwali yana jamaa zao, nikamruhusu. Mimi ghala hilo la habari ndani ya mashine naliita kabati.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kompyuta, kwa maelezo yake, imezaliwa ikijua vitu vichache tu: namba, maneno, tarehe, ndiyo na hapana. Mtu haimjui. Basi akaiumbia aina mpya ya kitu, aina ambayo haikuwapo kabla yake, akaiita kipimo. Ndani ya kipimo kimoja mna nyonga, kiuno, kifua, bega na urefu, vyote vimekaa pamoja kama vitu ndani ya mkoba mmoja. Nikauliza kwa nini nyonga iko mbele.

"Si ndiko unakoanza kupima, Mama?"

Ni kweli naanza na nyonga, kwa sababu watu wakiguswa kiuno huvuta tumbo ndani, na mimi nataka kwanza wanizoee. Lakini siri ya ufundi si kitu cha kutangulizwa ndani ya mashine. Hilo la nyonga kuwa mbele naomba usilisahau unapoendelea kusoma, maana ndilo lililoniharibia jina.

2. Bendi ya zimamoto ilituletea oda ya makoti. Kituo chao kipya kilikuwa karibu kufunguliwa, na bendi ingepiga mbele ya wageni wote. Kwetu ile haikuwa oda ya kawaida. Fundi wa mtaa wa pili alikuwa anaililia, na kama tungeiharibu, wateja wote wa sare wangehamia kwake tukabaki tunatia zipu. Kiongozi wa bendi akaleta watu wake tukawapima. Kijana wako akaingiza vipimo vyao kwenye kabati, na kwa ajili ya majaribio akaingiza na vyetu sisi wa karakana, bila kuniomba ruhusa.

Kisha akatukusanya atuonyeshe. "Tazameni," akasema, macho yakimng'aa. "Zipo funksheni, yaani amri za mashine, zilizoandikwa zamani na watu ambao hawajawahi kushika sketi. Ya kupanga vitu. Ya kutafuta kikubwa kuliko vyote. Ya kutafuta kidogo. Hizi ni funksheni za jumla, haziulizi umeleta namba, tarehe au neno. Ukiumba aina yako mwenyewe, ukaifundisha tu jinsi ya kulinganisha kimoja na kingine, zinaipokea kama mtoto wa nyumba hiyohiyo."

Mkwe mwenzangu, mimi nimeshona rejareja maisha yangu yote. Mtu mmoja, nguo moja. Jumla ni ya sukari na misumari. Nilimwambia hivyo.

"Ni jumla ya maana nyingine, Mama," akanijibu.

Tangu siku hiyo wasichana wanamwita Bwana Jumla, na anaitika.

Basi akaiamuru mashine itaje mwenye kipimo kikubwa kuliko vyote kabatini. Ndani ya chumba kile alikuwamo mpiga ngoma kubwa wa bendi, mtu ambaye mlango wetu anaupita kwa ubavu. Wote tulimgeukia yeye, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama anayesubiri kuvishwa nishani. Mashine ikanitaja mimi.

Wasichana wakainamia cherehani zao ghafla. Mpiga ngoma mwenyewe, mtu mpole sana, akasema, "Hongera, Mama."

Mwanao hakuona aibu, alikuwa amelewa furaha ya ufundi. Akaeleza kwamba mashine hulinganisha vipimo kwa kufuata mpangilio wa vilivyomo. Inaanza na cha kwanza. Ikikuta mmoja amemzidi mwenzake hapo, imemaliza kazi, haiendelei mbele. Na cha kwanza ni nyonga. Mpiga ngoma ananizidi kiuno, kifua, bega na urefu, lakini nyonga nimemzidi kwa upana wa kidole. "Kwa hiyo kwa mashine, Mama, wewe ni mkubwa," akamaliza, kama mtu aliyenipa cheo.

Kwa upana wa kidole nimewekwa juu ya mtu anayebeba ngoma kubwa kifuani! Kuanzia siku hiyo mezani nilizungumza naye kupitia kwa binti yangu tu. "Mwambie mumeo chumvi iko karibu naye." Naye anajibu, "Mwambie Mama ahsante."

3. Nilikuwa na pazia la mahameli jekundu, kutoka ukumbi wa sinema uliofungwa, nililolitunza nikisubiri kazi inayolistahili. Nikataka kujua kama lingetosha kumfunika mpiga ngoma, nione kama naweza kumshonea koti la peke yake. Kwa kuwa kila kitu sasa kiko kabatini, nikamtuma binti yangu amwambie mumewe aiulize mashine: kati ya pazia na mpiga ngoma, kipi kikubwa?

Mashine ikagoma. Ikaandika kwamba aina hazifanani. Bwana Jumla akaeleza kwamba funksheni ya jumla haijali umeipa aina gani, lakini hao wawili wanaolinganishwa lazima wawe wa aina moja. "Pazia ni kitambaa, mpiga ngoma ni kipimo. Hebu fikiri, Mama, pazia ni mtu?"

Aliyasema haya mbele ya wateja. Kwa heshima zote, lile koti la zambarau alilovaa mkeo siku ya harusi, likasifiwa na kila aliyemwona, lilikuwa pazia la chumba changu cha kulala mpaka karibu na siku yenyewe. Lilimkaa kama amezaliwa nalo. (Aya hii usimsomee.)

4. Msichana wangu anayeshona vifungo, ambaye tunamwita Vifungo, amechumbiwa na mpiga filimbi wa bendi hiyohiyo. Siku ya kupima, mpiga filimbi alikuwa zamu, hakuja. Kwenye jedwali jina lake lilikuwapo, lakini mahali pa kipimo palikuwa tupu. Si sifuri, tupu. Mwanao aliisisitiza tofauti hiyo kama mtu anayegombea urithi. Sifuri inajulikana ni sifuri, alisema, lakini tupu ni kitu ambacho hakuna anayekijua.

Vifungo akamtania, "Hebu iulize basi, kipimo cha mchumba wangu ni sawa na cha nani?"

Mtu mwenye busara ya kawaida angesema hajapimwa bado, binti, endelea kushona. Yeye akaona nafasi ya kufundisha. Akaiuliza mashine kama kipimo cha mpiga filimbi ni sawa na kipimo cha mpiga filimbi huyohuyo. Mashine haikusema ndiyo. Haikusema hapana. Ikajibu kwamba haijulikani.

"Yaani hata yeye mwenyewe hajijui?" Vifungo akauliza.

"Kwa mashine, ndiyo hivyo," akajibu mwanao, akitabasamu.

Vifungo akachukua simu, akamwandikia mchumba wake ujumbe aliotusomea sote kabla ya kuutuma: "Mpaka utakapojijua wewe ni nani, usinitafute."

Maskini kijana wa watu alikuwa ndani ya gari la zimamoto na wenzake, wanarudi kutoka kuliosha. Kosa lake hakulielewa, ila alielewa kwamba yuko hatarini. Akawabembeleza wenzake, gari likageuzwa, likaingia mtaani kwetu king'ora kikilia, naye akaruka chini na kofia yake ya kazi na mabuti, akaingia karakana akipiga kelele, "Nipimeni! Nipimeni sasa hivi!"

Sasa mfikirie jirani yangu, muoka mikate. Ameona gari la zimamoto mlangoni kwangu, ameona mtu wa kofia akiingia mbio. Hakungoja kuuliza. Alikuja na ndoo mbili za maji, na kwa moyo wote wa ujirani akazimwaga juu ya majora ya sufu ya buluu ya makoti ya bendi, yaliyokuwa yamepangwa karibu na mlango. Kisha akakimbia kuchota mengine.

Mpiga filimbi alipimwa, wachumba wakapatana, na Vifungo akarudia kulipima bega moja la yule kijana mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa ushonaji. Kwa hilo sina neno. Nina neno kwa sufu.

5. Sufu ikilowa husinyaa. Hilo hata mtu wa saa analijua. Nilitoka kwenda kusemezana na muoka mikate, mazungumzo yaliyorefuka kwa sababu alikuwa anasubiri nimshukuru. Nyuma yangu kijana wako akayapima majora, akakuta yamepungua sehemu moja katika kumi, akaandika funksheni yake mwenyewe na kuiita sinyaza. Nayo ni ya jumla. Ukiipa kitu chochote, inakurudishia kitu kilekile kikiwa kimepungua sehemu moja katika kumi. Haiulizi umeipa nini.

Na kwa kuwa haiulizi, na kwa kuwa alitaka kunifurahisha kabla sijarudi, akaipitisha kwenye kabati zima.

Vitambaa vikasinyaa, sawa. Na watu nao wakasinyaa. Bendi yote ikasinyaa pamoja na kiongozi wake, nikasinyaa mimi, akasinyaa Vifungo, wakasinyaa hata wateja wangu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mashine ikaridhika kabisa: kitambaa kidogo, watu wadogo, kila kitu kinatosha. Ikatoa karatasi za kukatia, wasichana wakakata, wakaunga, wakatia bitana.

Siku ya kujaribu, mpiga ngoma akavaa koti lake, akavuta pumzi ya kawaida tu, ya kwanza. Kifungo kikaruka, kikapita karibu na sikio la kiongozi wa bendi, kikatumbukia ndani ya kikombe chake cha chai. Kiongozi akakitazama kikombe, akamtazama mpiga ngoma, akaniuliza kwa upole uliozidi matusi, "Mama, hawa mliwashonea ni watu wangu au ni watoto wao?"

Ufunguzi ulikuwa unakaribia, kitambaa kimeshakatwa, na kingine cha rangi ile hakipatikani. Mwanao, badala ya kujificha nyuma ya pazia kama mtu aliyelelewa vizuri, akakimbilia kompyuta, akapekuapekua, akarudi akishangilia, "Tatizo nimelipata, Mama! Hata wewe ulikuwa umepungua!"

Naomba uuone uzito wa kosa hili. Amenipunguza ndani ya mashine peke yake. Sketi zangu hazikupata habari.

6. Lalamiko hili ni gumu kulieleza, kwa sababu kwa juujuu linafanana na sifa.

Baada ya kiongozi wa bendi kuondoka, kijana wako alirudisha vipimo vya watu kama vilivyokuwa, maana alikuwa na nakala ya kabla ya kusinyaza. Halafu akaketi sakafuni katikati ya yale makoti, kichwa kati ya mikono. Kicheko chote kilikuwa kimemwisha. Sijawahi kumwona hivyo, na sikupenda. Nikavunja mgomo wangu, nikamsemesha bila kupitia kwa mtu.

"Inuka hapo, utachomwa na pini."

Akainuka. Nikamwambia kwamba koti likibana si mwisho wa dunia, fundi hulifungua mishono ya ubavuni akatia ukanda.

"Ukanda wa upana gani, Mama?"

Nikasema inategemea mtu, na watu ni wengi, na siku ni chache. Nikaona macho yake yanaanza kuwaka tena.

Akaliingiza kila koti kama kipimo, aina ileile ya mwenye koti. Akasema safari hii mashine haiwezi kugoma, kwa kuwa koti na mtu wamekuwa wa aina moja. Kisha akaifundisha aina yetu jinsi ya kutoa kitu kwenye kitu, kama namba zinavyotolewa: mtu, toa koti lake. Kinachobaki ndio ukanda. Birika halijachemka tulikuwa tumeshapata upana wa ukanda wa kila mwanabendi. Tukajumlisha kanda zote. Zinaingia katika pazia la mahameli jekundu, na kipande kinabaki.

Tukakata pamoja, mkasi kwangu, chaki kwake. Ana mkono mzuri wa chaki, ingawa sikumwambia. Binti yangu alisimama mlangoni akitutazama, akafuta macho, akasema ni mvuke wa pasi. Pasi ilikuwa imezimwa.

Siku ya ufunguzi, makoti ya buluu yenye kanda nyekundu ubavuni yalipotokea, watu walidhani ndio mtindo wenyewe. Mpiga ngoma alivuta pumzi mpaka mwisho na hakuna kilichoruka. Fundi wa mtaa wa pili alikuja kuishika mishono kwa vidole vyake mwenyewe, akaondoka bila kuaga. Kiongozi wa bendi akauliza nani aliyebuni, na binti yangu, niliyemzaa mimi, akajibu, "Mama na mume wangu."

Eti "na mume wangu"! Karakana hii nimeijenga kwa mkono mmoja, sijawahi kugawana sifa na mtu. Sasa nagawana, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba haikuniuma.

7. Hili ndilo zito, ndilo lililonipeleka dukani kununua bahasha.

Kabla tu ya ufunguzi, mwanao alinijia akiwa ameficha mikono nyuma kama mtu aliyeleta zawadi. "Mama," akasema, "nimelifikiria sana lile jambo la wewe na ngoma. Nimekutoa kwenye kipimo. Nimekuumbia aina yako peke yako, inaitwa Mama Mkwe. Sikuifundisha jinsi ya kulinganishwa na kitu chochote. Hakuna funksheni yoyote itakayoweza kusema wewe ni mkubwa kuliko mtu, wala mdogo."

Nikamshukuru. Sitakuficha, nilitembea siku nzima nikijiona malkia.

Lakini sikiliza kilichofuata. Kiongozi wa bendi alimwomba apange viti vya familia za wanabendi, watu wa karakana na majirani, wafupi mbele na warefu nyuma, ili kila mmoja aone. Vipimo vyao wote tulikuwa navyo, maana familia na majirani nao walikuja kushonewa nguo za sherehe. Mwanao akatumia ileile funksheni ya kupanga, safari hii akiiamuru ianze na urefu. Nayo, kama ulivyokwisha kusoma, hupanga chochote kinacholinganishika. Mimi silinganishiki. Ikanipita.

Nikafika pale nimevaa gauni langu la kijani, viatu vinaniuma, nikatafuta jina langu safu ya mbele, ya katikati, ya nyuma. Vifungo ana kiti. Muoka mikate ana kiti! Aliyeilowesha sufu ana kiti, na mwenye sufu hana. Nikasimama karibu na ngazi, nikijifanya naukagua ukuta mpya kama umepakwa rangi vizuri. Nilichokihisi hakikuwa hasira peke yake. Nilijiambia, basi ndivyo wazee tunavyotolewa, bila ugomvi wala neno baya, kwa mpangilio mzuri tu wa viti.

Mwanao akaniona. Alikuwa ameketi mbele na mkewe. Akaja mbio akijikwaa kwenye magoti ya watu, uso umempauka, akanishika mkono, akaniketisha kwenye kiti chake. "Nisamehe, Mama. Nilitaka wasikulinganishe na mtu, nikasahau kwamba utahitaji kukaa nao."

Kisha akasimama nyuma yangu sherehe nzima, hotuba zote na nyimbo zote, akinishikia mkoba. Mkoba wa kike, wenye shanga. Watu walipouliza yule aliyewekwa mbele ni nani, hakungoja mtu mwingine ajibu. "Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyeshona makoti yale." Hakusema mama mkwe. Alisema mama yangu, kwa sauti, mpaka mpiga filimbi akakosea noti.

Sasa nakuuliza wewe mwenye uzoefu naye: mtu wa namna hiyo utamgombeza vipi? Hasira yangu yote nilirudi nayo nyumbani ikiwa haijatumika hata kidogo, na ndiyo hii ninayokutumia kwa posta.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu uje umchukue kijana wako kwa matengenezo. Mfungue utazame ndani kama unavyofanya kwa saa, uone ni gurudumu gani linalomfanya adhani kila kitu duniani kinaweza kupitishwa kwenye tundu moja. Mfundishe kwamba kabla ya kutangaza jibu linalohusu nyonga za mtu, kwanza asafishe koo na aangalie nani yumo chumbani. Kicheko chake usikiguse, binti yangu amekizoea. Usiiguse pia tabia yake ya kuosha vyombo bila kuambiwa, wala ya kunijazia pasi maji kila asubuhi, wala ule mkono wa chaki. Ukishaondoa hayo yasiyoguswa, sehemu inayobaki ya kutengeneza ni ndogo, na kwa fundi wa kiwango chako nadhani haitakusumbua.

Binti yangu atabaki hapa. Yeye hana kasoro, nilimshona mwenyewe.

Nisalimie mkeo kwa heshima zote, mwambie koti lake alitunze mbali na jua. Wasalimie dada zako, majirani zako wa duka la vioo, na yule mzee mwenzio anayekuja kila siku kuuliza saa ngapi ilhali amevaa saa. Wasichana wa karakana wanakusalimu, Vifungo na mchumba wake wanakusalimu, na muoka mikate anakusalimu, anasema ukija usiwe na wasiwasi wa moto, yeye yupo.

Wako katika ukwe na ufundi,
Mwenye karakana, mama wa binti,
ambaye kwa sasa hajapangwa popote.

Tanbihi: Tafadhali usije. Bahasha hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Leo asubuhi amekuja mkuu wa wauguzi wa hospitali, anataka sare za watu wote, kuanzia daktari hadi dereva na mpishi, akauliza karakana ndogo kama yetu itawezaje watu wa namna zote hizo. Nikafungua mdomo nimwite binti yangu, nikajisikia nasema mwenyewe, "Dada, sisi hapa tuna aina yetu, inaitwa kipimo, na funksheni zetu ni za jumla. Haziulizi wewe ni daktari au dereva." Nikamweleza mpaka tofauti ya tupu na sifuri. Mwanao alikuwa chini ya meza akiunga waya, akacheka mpaka akagonga kichwa. Oda yote tumepewa sisi. Nimemwambia pia anirudishe kwenye kipimo pamoja na wenzangu, nyonga zikae palepale mbele. Heri niwe mkubwa kuliko wote na niwe na kiti.

Jambo jingine, nalo halina haraka. Binti yangu wa pili anarudi kutoka masomoni mwezi ujao. Yule kijana wako mdogo, mrefu, aliyepiga picha za harusi akawakata watu vichwa, amekwisha kuchumbia? Nauliza tu. Kama bado, mlete huku hivyohivyo alivyo, usimguse.